Maji ya Ngamia Yanakwenda Wapi

3 Februari

Mjomba wangu,

Shikamoo. Ni mimi Bisibisi, na usijifanye umenisahau. Huku tu wazima. Mjukuu wako ameng'oka meno mawili ya mbele, sasa akicheka anaziba mdomo kwa kiganja kama mchumba aliyeletewa posa. Kazi ya kutengeneza cherehani inaendelea. Juzi fundi nguo wa sokoni alileta mashine akisema inakohoa; nikaifungua nikakuta tumboni mwake vipande vya sindano vya kujaza kisahani. Nilipomwonyesha, akaniuliza kama nimevileta mimi. Mama yupo, anakusalimu.

Hapana, hakusalimu. Mkono umeandika kwa mazoea, nami sitaki kuchana karatasi. Mama bado ana hasira za ile simu. Anasema alikupigia, ukapokea, akaongea weee, wewe kimya, kisha ukakata. Tangu hapo hakuiti ndugu yake, anakuita "yule mtu wa mlimani". Na mimi nilipopiga ilikuwa hivyohivyo. Kulikoni?

Sasa lililonifanya nishike kalamu. Nimenunua gari. Ni la dizeli, lina buti refu, linabeba cherehani nne na meza zake. Mwalimu mstaafu aliyeniuzia alisema ni mkono wa pili. Kwa alama za stika zilizobanduliwa kwenye kioo, mimi nasema ni mkono wa tano. Injini inanguruma vizuri. Tatizo ni maji. Asubuhi najaza rejeta mpaka mdomoni, jioni imepungua chupa nzima, na chini ya gari hakuna hata tone. Fundi wa kona yetu, tunayemwita Bado Kidogo kwa sababu ukimuuliza kazi imefika wapi hilo ndilo jibu lake, amelipa gari jina la Ngamia. Nikamwambia ngamia hutunza maji, huyu wangu anayapoteza. Akasema, "Unajuaje? Labda na yeye anayatunza mahali."

Anataka kufungua injini. Anadai gasketi ya silinda hedi, ile inayotenga maji na oili, imekufa. Mimi moyo unakataa, lakini sina hoja ya kumshinda.

Nina haraka, mjomba. Nimemwambia mama nitampandisha huko kwako mwaka huu. Akanijibu, "Gari lako likipona, nitakwenda." Alisema huku anacheka, maana aliniona nimebeba dumu la maji kila mkono. Basi nimeapa litapona. Niambie nianzie wapi. Barua nampa dereva wa lori la mbao.

Mpwa wako,
Bisibisi


18 Februari

Mpwa wangu Bisibisi,

Marahaba. Nimepata barua yako ikiwa na harufu ya dizeli na vitunguu, kwa hiyo najua dereva aliiweka wapi. Huku niko salama. Kiwanda cha mbao kinakwenda, na jenereta zangu mbili zinakunywa kuliko wenye kiwanda. Kuku wangu ametaga ndani ya kofia yangu ya kazi na amekataa kutoka, kwa hiyo natembea kichwa wazi mpaka aangue. Mwambie mjukuu wangu meno yakitoka mapya atafune miwa kwa niaba yangu, maana yangu hayarudi.

Kuhusu simu, mtandao wa huku ni wa kubahatisha. Tuyaache hayo.

Ila kuna jambo nimeliona. Zamani dada alikuwa anaandika mstari mmoja chini ya barua yako, hata akiwa amenuna. "Vaa sweta." "Acha kula kiporo." Safari hii hakuna. Amenuna kiasi hicho?

Sasa huyo Ngamia. Mwambie Bado Kidogo aweke spana chini. Injini haifunguliwi kwa kukisia, kama vile daktari hapasui tumbo ili ajue mgonjwa amekula nini. Maji ya gari yana njia chache tu za kutoroka: nje, kwenye oili, au kwenye moshi. Tutaziba njia moja moja mpaka tumkamate.

Kwanza, acha kutia maji ya bomba. Nunua yale ya kijani ya dukani, ya kupoza injini, maana yanaacha doa na mwizi mwenye miguu yenye rangi hafiki mbali. Pili, gari likilala, tandika boksi kubwa lililokunjuliwa chini ya injini. Tatu, chomoa kijiti cha oili. Ikiwa oili imegeuka rangi ya chai ya maziwa, nitanyamaza na Bado Kidogo afungue. Nne, asubuhi ukiwasha, simama nyuma uangalie moshi. Ukiwa mweupe na haukatiki hata injini ikipata moto, niambie. Na mfuniko wa rejeta usiufungue kukiwa na moto. Mimi nina kovu la kukufundishia, huna haja ya kupata lako.

Umesema una haraka ya kumleta dada lakini hukusema kwa nini. Mlima huu haukimbii.

Mjomba wako


9 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Wote wazima, na jino moja jipya limechungulia. Mwenye chumba ninachofanyia kazi amepaka mlango rangi ya kijani, sasa wateja wananipita wakidhani ni duka la dawa. Mama yupo. Amekuwa mtu wa kulalamika. Chai haina rangi, taa hazina nguvu, gazeti siku hizi linachapwa na wavivu. Hata ndani ya gari hatulii. Nikiwasha feni tu, "Mbele kuna ukungu." Namwambia, mama, jua linawaka, hakuna ukungu. "Upo." Basi nasimamisha gari, nashuka, nafuta kioo cha mbele kwa nje mpaka kinang'aa, narudi. "Bado upo." Siku hizi nasema "ndiyo mama" tunaendelea na safari.

Mstari wa chini hakuandika kwa sababu hakuandika. Tuyaache hayo, kama unavyopenda kusema.

Majibu yako haya hapa. Maji ya kijani nimetia. Boksi limelala chini ya gari wiki nzima na limeamka kavu kama lilivyotoka dukani. Oili ni nyeusi, safi, haina maziwa. Moshi ni mweupe kidogo asubuhi, kisha unapotea kabla sijamaliza kufunga geti. Na maji yanapungua vilevile! Zaidi siku za kupanda kilima cha hospitali, kidogo siku za tambarare.

Bado Kidogo amesimama juu ya boksi langu, mikono kiunoni, akasema, "Mjomba wako anatibu kwa barua? Basi na mimi nikiumwa jino nitaandika." Nimeumia, ila nimecheka pia.

Naomba jingine la kufanya. Sitachoka kabla ya huyu Ngamia.

Bisibisi


25 Machi

Bisibisi,

Marahaba, mama. Kuku ameangua sita na kofia nimewaachia. Mwambie Bado Kidogo nimecheka na mimi, na kwamba jino lake nitalitibu kwa koleo.

Yakipungua zaidi kilimani, ujue maji yanatoka yakiwa na moto na msukumo. Gari likipoa, tundu linajifunga. Ndiyo maana boksi ni kavu. Angalia mpira wa ndani wa mfuniko wa rejeta, kama umekakamaa badilisha. Kagua kila mpira wa maji kwa kidole, hasa penye klipu, utafute ukoko wa kijani. Kisha pampu ya maji. Chukua bisibisi ndefu, ncha iguse pampu, mpini uweke sikioni, injini ikiwa inazunguka. Pampu inayokufa husaga. Mimi mpini nauuma kwa meno, mtetemo unapanda mpaka kichwani. Wewe weka sikioni, inatosha.

Na sasa unisikilize. Umeandika jua linawaka na dada anaona ukungu. Umeandika gazeti, taa, rangi ya chai. Hayo si ya mtu aliyenuna. Kuna kitu hunielezi.

Mjomba wako


12 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Mjukuu mzima, mimi mzima, mvua zimeanza.

Mpira wa mfuniko nimebadilisha. Mipira yote nimeipapasa mpaka kucha zimekuwa nyeusi, hakuna ukoko. Pampu nimeisikiliza kwa bisibisi, inazunguka laini kama cherehani mpya. Maji bado yanakwenda.

Ila siyo hayo yaliyonikalisha leo. Juzi nilipomkuta dereva wa lori nilimwambia, "Mzee ukimkuta, mwambie apokee simu." Akanitazama. "Mzee yupi? Yule wa jenereta? Dada, yule mzee hasikii. Sisi tukimpigia honi hageuki. Tunashuka, tunamgusa bega." Alisema kirahisi tu, kama mtu anayetaja bei ya mbao.

Nilirudi nyumbani nikakaa ndani ya Ngamia, nikalia, halafu nikakasirika. Mtandao wa kubahatisha! Unauma bisibisi kwa meno! Na mimi nikasoma nikapita, nikidhani ni madoido ya mafundi. Kwa nini hukusema? Mama amekununia kwa kosa la masikio yako, nawe umekubali akunyime salamu kuliko ajue.

Basi na mimi natoa la kwetu, ingawa nimekatazwa. Kisukari kimefika machoni mwa mama. Barua hawezi kuisoma mpaka aisogeze puani. Daktari anasema matibabu yataanza, lakini kilichokwisha kuondoka hakirudi, na anayeahidi kwamba mwakani ataona ni mwongo. Mama akasema, "Usimwambie yule mtu wa mlimani, asije akanihurumia." Hiyo ndiyo haraka yangu. Yeye akipoteza macho hataona maandishi yako. Wewe masikio yamekwenda, hutasikia sauti yake. Mtaongeaje tena, mjomba? Mpo wawili tu mliobaki kwenu. Lazima mkutane wakati yeye bado anauona uso wako, na wewe unaweza kuuona mdomo wake ukisema.

Mficha maradhi kifo humuumbua. Huo msemo nimeujua kwenu ninyi wawili.

Bisibisi


20 Mei

Mpwa wangu,

Marahaba. Nimechelewa. Nusu ni mvua, barabara ilikatika na lori halikushuka. Nusu ni mimi. Barua hii nimeianza mara nyingi, na kuku wametandikiwa karatasi nzuri.

Umesema kweli. Yalianza kwa mluzi masikioni, mluzi ukawa kama maji yanayochemka, kisha masikio yakazima. Dada aliniambia zamani, siku ya kwanza nilipoajiriwa hapa, "Mdogo wangu, ziba masikio, jenereta zitayala." Nikamcheka mbele ya watu. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na mimi nilivunjika palepale nilipokataa kusikia. Sikutaka aniambie "nilikwambia". Ni hilo tu. Aibu ya mtu mzima ni kitu cha kijinga sana.

Siku ile ya simu niliona jina lake. Nilibonyeza, nikaweka sikioni kwa mazoea, kisha nikaitazama. Nilijua anaongea kwa sababu dakika zilikuwa zinahesabu kwenye kioo. Ningejibu nini? Ningesema "ndiyo" mahali pa "hapana" na angejua. Nikakaa nikitazama zile dakika mpaka nikashindwa. Nilikata mimi. Mwambie hivyo. Mwambie yote, usinisitiri tena.

Ya macho yake nimeyasoma nikatoka nje nikakaa juu ya magogo. Nina uchungu.

Gari litapona, Bisibisi. Mimi kushuka siwezi kabla ya mwaka mpya. Jenereta hizi zina mimi tu, na zikizima watu wote wa kiwanda wanalala bila mshahara. Kwa hiyo lazima Ngamia apande. Niandikie kila kitu kuhusu gari hilo, hata unachokiona cha kipuuzi.

Mjomba wako


3 Juni

Mjomba,

Shikamoo. Barua yako nilimsomea mama. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Kwa hiyo nilimfokea kiziwi," akaingia chumbani na kufunga mlango. Sijui kama ni dalili njema au mbaya. Kuhusu safari hakusema neno, na siku hizi haniongeleshi vizuri kwa sababu nyingine, ambayo ni aibu kuiandika lakini wewe ni mtu wa nyumbani.

Tumegombana kwa ajili ya pipi. Unajua sukari amekatazwa kabisa. Sasa wiki mbili hizi nikifungua mlango wa gari upande wake nakuta sisimizi. Si mmoja wawili, ni jeshi, wamepanga mstari kutoka mlangoni mpaka chini ya dashibodi, palepale anapoweka miguu. Na ndala zake zinanata. Nikamuuliza kwa upole, "Mama, unakula nini humu nikishuka kwa wateja?" Akasema hali kitu. Nikamwambia sisimizi hawafuati maombi, wanafuata utamu. Mjomba, alivyoniangalia! Akasema, "Nikisema kuna ukungu, naambiwa macho. Nikisema sijala, naambiwa mwongo. Basi gari lako likae na watu wenye akili." Tangu siku hiyo anakwenda kliniki kwa miguu, ameshika mkono wa jirani. Gari sasa linanukia utamu ndani kama duka la keki, naye anaapa hajala hata peremende.

Ya gari ni mafupi. Nimeshindwa. Kioo nimefuta, mipira nimekagua, boksi limezeeka likiwa kavu. Bado Kidogo amesema atafungua silinda hedi wiki ijayo, na mimi nimekubali. Angalau tutajua. Nisamehe.

Bisibisi


8 Juni

Bisibisi!

Mzuie fundi. Hata kama ameshalegeza nati ya kwanza, airudishe. Barua hii dereva amekula kiapo kuifikisha mkononi mwako kabla hajashusha mbao.

Nimesoma ya gari, mafupi, sikupata kitu. Nikarudia barua kwa ajili ya ugomvi wenu, nikiwa nacheka, na katikati ya kicheko nikasimama. Kuku walidhani nimeona nyoka.

Dada hajala pipi. Yale maji ya kijani ni matamu. Ni sumu, lakini sisimizi hawasomi maandishi ya kopo. Mmeanza kuona sisimizi baada ya kutia ya kijani, sivyo? Na ukungu! Wewe ulishuka ukafuta kioo kwa nje. Kwa ndani je? Pitisha kidole kwa ndani, upande wa dada. Kama kinateleza, umempata mwizi.

Nyuma ya dashibodi kuna rejeta ndogo ya hita, ile ya kupasha watu joto. Maji ya injini hupita humo muda wote, uiwashe usiiwashe. Imetoboka. Ukipanda kilima inamwaga chini ya zulia na mvuke unapanda kwenye kioo. Boksi lako lisingeona kitu hata ungelitandika mwaka mzima, maana maji hayajawahi kutoka nje ya gari. Huko kwenu joto, nani anawasha hita? Na malori yote ya kiwanda ninayoyatengeneza hita zilishang'olewa kabla sijawa fundi, ndiyo maana sikufika hapo. Mimi na wewe na Bado Kidogo, watatu wazima, tumezunguka injini miezi minne. Mwenye jibu alikuwa amekaa juu yake, na kila siku alikuwa anatuambia.

Inua zulia. Kisha kamwombe dada msamaha kabla hujashika spana, na uniombee na mimi, maana hata mimi niliposoma "ukungu" nilifikiria macho.

Miguu yake ioshwe kwa sabuni, ndala zitupwe, na mtoto asiguse.

Mjomba


17 Juni

Mjomba wangu,

Shikamoo, tena shikamoo kwa magoti yote mawili!

Mjukuu wako mzima, meno yote mawili yamejaa. Hayo ndiyo ya familia, mengine yote ni ya gari, na safari hii ni kitu kimoja.

Dereva alisimamisha lori katikati ya njia akinipungia bahasha. Bado Kidogo alikuwa ameshavaa ovaroli na kupanga spana kwenye gunia. Nikamwambia ngoja. Nikafungua mlango wa upande wa mama, nikapitisha kidole kwenye kioo kwa ndani. Kiliteleza kama kimepakwa mafuta ya cherehani. Nikatoa mpira wa kukanyagia, nikainua zulia. Chini yake kuna sponji nene; nilipoibonyeza, maji ya kijani yalipanda mpaka kwenye kifundo cha mkono, na sisimizi wakatawanyika. Bado Kidogo alichuchumaa, akatazama kwa muda mrefu. Akasema, "Nilisema mimi. Anayatunza mahali." Huyo mtu hashindwi.

Lakini sikugusa spana. Nilikwenda ndani kwanza. Nikamwambia mama, "Ukungu ulikuwepo. Pipi haikuwepo. Nisamehe." Akauliza nimejuaje. Nikamsomea barua yako. Nilipofika mahali unaposema mwenye jibu alikuwa anatuambia kila siku, akanishika mkono. "Rudia." Nikarudia. "Ameandika yeye? Siyo unanipamba?" Nikampa karatasi, akaisogeza puani, akapitia herufi zako moja moja akitafuta ule mstari. Akasema, "Hasikii, yuko mbali, na ndiye aliyenisikia." Alilia, mjomba. Na mimi nililia.

Halafu kazi. Nilifungua boneti mwenyewe. Mipira miwili inayoingia kwenye hita nimeichomoa, nikaiunganisha kwa kipande cha bomba la shaba, klipu mbili, nikakaza. Hita imebaki yatima, haipati hata tone. Bado Kidogo alishika tochi bila kulipwa. Nimejaza rejeta, nimepanda kilima cha hospitali asubuhi na jioni, wiki nzima, na mashine nne nyuma. Kila nikifungua mfuniko asubuhi, maji yapo palepale mdomoni. Sponji nimeitupa, zulia nimelifua mara tatu, sisimizi wamehama.

Jana nilimkumbusha mama ahadi yake. Alikuwa amekaa kitandani na sanduku miguuni, limeshafungwa.

Barabara wanasema imekauka. Tunaondoka Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Lori litatangulia na barua hii, na karatasi nyingine ambayo sijaruhusiwa kuisoma.

Bisibisi


17 Juni

Mdogo wangu,

Naandika kwa herufi kubwa kama matofali, usinicheke. Huyu mtoto nimemfukuza chumbani, anapenda kunisaidia mpaka nakosa hewa.

Hujambo? Mimi sijambo. Nimezeeka kidogo tangu uniache, wewe naambiwa umezeeka sana.

Ile simu tuimalize. Siku ile nilipiga kukuambia habari za macho. Nilikuambia yote, tangu mwanzo hadi mwisho, na uliponyamaza nikadhani umechoka na mimi. Kumbe nilimwambia mtu asiyesikia, na nilikuwa nimekuchagua wewe uwe wa kwanza kujua. Basi sasa umejua. Na mimi sisemi "nilikwambia". Nimelimeza, ingawa lilikuwa tamu.

Bisibisi anasema hita imekatwa na huko kuna baridi. Nimechukua mablanketi mawili, moja lako. Najua huna blanketi la maana. Na ukomboe kofia yako kwa hao kuku.

Nitakaa kiti cha mbele. Nimekiambia hicho kioo kwamba sasa nikisema kuna ukungu, gari zima litasimama.

Jambo moja nakuomba, na safari hii ulisikie. Ukiona gari linapanda, usisimame mlangoni ukapunga mkono. Kwa mbali sikuoni. Usisimame kivulini. Njoo mpaka dirishani kwangu, uweke uso wako kwenye jua, utulie. Mimi nitakutazama kwanza. Nikishiba, nitasema taratibu, nawe utazame mdomo wangu.

Dada yako